Kitunga cha Mzazi

Naanza kwa kuomba msamaha juu ya mwandiko wangu. Niliishia darasa la sita la shule ya msingi, na tangu hapo mkono wangu umeshika kahawa zaidi kuliko kalamu. Naandika polepole: neno moja, napumzika, neno lingine. Ukikuta herufi imetoka mahali pake, uirudishe mwenyewe bila kunicheka. Au ucheke kidogo, kisha uendelee kusoma.

Ninaandika kwa sababu ya wasichana wa kwaya yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu. Siku moja baada ya mazoezi walikuwa wakizungumza juu ya mwenzao aliyejifungua, ambaye yuko nyumbani kwa likizo ya uzazi, ile ambayo sisi tunaiita congé. Mmoja akasema, "Congé si iko kitu ya tangu zamani? Iliwekwa tu." Nilinyamaza, maana mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba nikinyamaza na safari hii, watoto hawa watafikiri likizo ni kama mvua, inanyesha yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa na shangazi. Depo ya kahawa ilikuwa chini, karibu na ziwa, nyumba ndefu ya mabati ambamo magunia yalipangwa mpaka darini. Nilikuwa msichana mwenye haya sana. Mtu akinisalimu, nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Shangazi alimwambia mkuu wa wachambuaji, ambaye wote walimwita Chef de triage:

"Chef, huyu mutoto hasemaka. Lakini macho iko nayo."

Chef alinitazama kidogo. "Hapa hatulipe mudomo. Macho inatosha. Aingie."

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu siku hizi wengi wanakunywa kahawa bila kujua ilipita mikononi mwa nani. Kahawa ikitoka kwa wakulima wa Idjwi na Kalehe inafika bado ina ganda lake jembamba, na hapo inaitwa parche. Mashine inaondoa lile ganda, inabaki punje ya kijani. Punje hizo zinamwagwa juu ya meza ndefu, na wanawake wanakaa pande mbili kuondoa zile mbovu: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Iliyo mbaya kuliko zote inaitwa puante. Hiyo nje ni nzuri, ndani imeoza. Moja tu ikiponyoka, inaweza kunukisha kahawa ya watu wengi. Huo uchambuaji ndio triage.

Mkubwa wa meza yetu alikuwa Maman Cibalonza, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alinipa kitunga, yaani kikapu kipana cha kutilia punje safi, na kila kitunga kilifungwa kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe akitambue. Mchana na jioni Chef aliita majina. Ukisikia lako unajibu "présente", unabeba kitunga chako hadi kwenye mzani.

Asubuhi ile niliona mwishoni mwa meza kitunga chenye kitambaa cha buluu, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Kila mwanamke aliyeinuka kunyoosha mgongo alipita pale, akadondosha mkono mmoja wa kahawa safi, akarudi kukaa. Nilifikiri ni sehemu ya Chef. Nami nilipoinuka nilipita bila kutia kitu.

"Na weye," Maman Cibalonza akaniuliza, "mukono yako inauma?"

"Hapana, maman."

"Basi juu ya nini unapita ile kitunga kama vile iko ya mulozi?"

Wanawake wakacheka. Kwa sauti ndogo nikauliza, "Si iko ya Chef?"

Hapo meza nzima ikapasuka. Mmoja akasema, "Ya Chef! Basi Chef azale, na ye tutamusaidia!"

Maman Cibalonza hakucheka. "Iko ya muzazi. Mwenye kukaa pale alizala juzi. Kila mutu anatia mukono moya asubui, mukono moya mangaribi. Pa kupima tunamujibia. Leo iko yake. Siku moya itakuwa yako."

Jioni Chef alipoita jina la yule aliyejifungua, mwanamke mwingine alijibu "présente" bila kuinua kichwa. Chef akapima, akaendelea na jina la pili. Mtu anayeita jina moja kila siku na kujibiwa na sauti tofauti hawezi kukosa kujua. Lakini yeye alidaiwa magunia, na magunia yalijaa.

Sababu ya desturi ile ilikuwa nje ya mlango. Sisi wa triage tulihesabiwa kuwa journalières, vibarua wa siku moja, hata kama ulikuwa umekaa pale mpaka benchi likajua umbo lako. Kila asubuhi wanawake wengine walikaa kwenye mawe ya langoni wakingoja nafasi. Benchi likionekana lina pengo, Chef alitoka, akanyoosha kidole, mmoja akaingia, na aliyekosekana amekosa kazi. Kwa hiyo aliyejifungua alikuwa na njia mbili: kurudi angali anavuja damu, au kupoteza nafasi. Kitunga cha mzazi kilikuwa njia ya tatu, na tuliichonga wenyewe. Tulikaa kwa kupanuka ili pengo lisionekane, na tuliitika kwa niaba ya mwenzetu.

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza, kitunga kilikuwa changu. Jioni Maman Cibalonza alipanda mlima na malipo yangu yamefungwa kwenye pindo la kitenge chake, akakaa, akashika mtoto, akamtukana kwa upendo kwamba ana pua ya baba yake. Mnajua kwetu mama hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kikauke na kuanguka. Kinaokotwa na watu wa nyumbani, kinawekwa mahali pake. Mimi nilikiokota mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu, na niliona ni heshima kubwa. Baada ya hapo nilipumzika kidogo tu, kisha nikarudi, kwa sababu na wenzangu walikuwa na midomo ya kulisha, na mkono unaochambulia wawili unachoka.

Miaka ilipita. Nilihamishwa kwenye uwanja wa kukaushia parche, ambako unatembea juani ukigeuza kahawa kwa reki ya mbao. Kisha nikawekwa kwenye kushona midomo ya magunia. Kisha nikarudishwa triage. Vita vilipita pia, na depo ilifungwa na kufunguliwa, lakini hayo wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi.

Sendika, yaani chama cha wafanyakazi, ilipoingia kwetu tuliambiwa tuchague mjumbe, délégué syndical, mtu wa kupeleka maneno ya wafanyakazi kwa wakubwa. Wanawake wakanichagua mimi. Nilikataa. Maman Cibalonza akasema mbele ya wote:

"Nsimire, miye nikienda kule nitagombana, banifukuze asubui moya. Weye haugombane. Bataona haya kukufukuza."

Ofisi ya sendika ilikuwa chumba kimoja kule Muhumba, nyuma ya nyumba ya watu. Président wa sendika alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi wa reli Katanga, na ndiye aliyenifundisha kazi ile. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kusema mbele za watu.

"Ndo vizuri," akasema. "Délégué hapiganaka. Délégué anauliza, anangoja jibu. Kama jibu haikuye, anauliza tena. Kunyamaza unajua. Kazi nusu umekwisha jua."

Alinisomea sheria ya kazi, naye akanifasiria kutoka Kifaransa. Mwanamke mfanyakazi akijifungua ana haki ya majuma kumi na manne, na theluthi mbili za mshahara, na nafasi yake inamngoja. Nilimwomba asome tena. Nikauliza, "Na journalière?"

Mzee akavua miwani. "Mutu mwenye anakaa pa meza moya miaka kwa miaka, ule haiko tena journalier. Sheria inasema vile. Lakini sheria iko ku karatasi, maman, na karatasi haina miguu. Mupaka mutu aibebe."

Nikaibeba hadi kwa Gérant, msimamizi mkuu wa depo. Alikuwa mtu mpole, mwenye shule, aliyenipa kiti na chai. Nikauliza swali langu la likizo.

"Maman Nsimire," akasema, "miye siko mutu mubaya. Unitajie jina ya mwanamuke moya tu pa ile meza mwenye alikosa kazi yake juu ya kuzala. Moya."

Nilitafuta kichwani. Pa meza yetu hapakuwa naye. Wote walikuwa wameokolewa na kitunga.

"Unaona? Bamama yetu beko na nguvu. Banazala, banarudia kazi. Congé iko ya mwenye anaihitaji."

Président akaandika kwa Inspecteur du travail, yule mtumishi wa serikali anayekagua mahali pa kazi. Akaja. Hatukuwa tumeambiwa saa. Chef aliita majina mbele yake, na kila jina likajibiwa "présente", kwa mazoea tu, hata majina ya wawili waliokuwa nyumbani wakinyonyesha. Nilisimama pale nikisikia wenzangu wanajibu na sikuweza kuwazuia, maana kumtaja aliyekosekana ni kumtoa kazini. Inspecteur alitembea kando ya meza, akatazama vitunga, vyote vimejaa. Mlangoni akaniambia taratibu:

"Maman, miye naandika kile macho yangu inaona. Naona bitunga yote imejaa, na hakuna mwenye anakosa. Unataka niandike nini?"

Nilipanda mlima kwenda nyumbani siku ile nikiyarudia maneno yake. Kitu kilichotulisha ndicho kilichotuficha. Kila mkono wa kahawa tuliotia kwa wema uliwaambia wakubwa kwamba sisi tunazaa kama kuku anayeshuka kwenye kiota na kwenda kuchakura.

Wakati huo Faida alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa mdogo wetu pa meza, mtoto wa watu wa Mwenga. Mume wake alikuwa akichimba dhahabu kule Kamituga, na tangu mvua ziharibu barabara hakuwa ametuma hata salamu. Faida hakuwa na kitu kingine ila nafasi yake kwenye benchi. Nilipowaambia wenzangu nililofikiri, kwamba tusitie tena wala kuitika, nilimtazama yeye nikaona aibu, kwa sababu lingemwangukia yeye kwanza.

"Unasema tufunike kitunga?" Maman Cibalonza aliuliza, na safari hii hakuita ng'ombe, sauti yake ilikuwa chini. "Ile kitunga ilinilelea batoto yangu yote. Mama yangu mukwe aliikuta hapa. Weye unataka uifunike juu ya karatasi ya Muhumba?"

"Maman, kama kitunga inajaa, hakuna mwenye ataona kama mutu amezala."

"Na kama haijae, Faida atakula nini? Atakula macho ya Inspecteur?"

Faida mwenyewe ndiye aliyeinua mkono, kama mwanafunzi.

"Kama bananifukuza?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Siwezi kukuahidia kitu, Faida."

Akawaza, akichagua kahawa. Vidole havikusimama. "Unga mutaniletea?"

"Tutakuletea," wakajibu wengi.

"Na mwenye ataingia pa nafasi yangu?"

Maman Cibalonza akashusha pumzi. Kisha akafunga kitenge chake vizuri, akatoka hadi langoni, kwa wale wanaongoja juu ya mawe. Nilimfuata kwa nyuma. Hakuwapigia kelele.

"Bamama, miye nilikaa pa ile jiwe, pale, mbele yenu. Najua vile inauma. Faida atazala. Kitunga yake tutaifunika pa benchi. Mwenye ataifunua akae, hatutamupiga, hatutamutukana. Lakini ajue kama anafunua na yake ya kesho."

Hawakumjibu. Mwenye njaa huwezi kumdai jibu.

Faida alijifungua mvulana. Asubuhi iliyofuata tuliweka kitunga chake juu ya benchi, mdomo chini, kitambaa chake cha manjano kikining'inia. Chef akaita majina. Akafika: "Faida."

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Tulikuwa tumezoea kuitika hata ulimi uliuma kwa kunyamaza.

"Faida!"

"Amezala," akasema Maman Cibalonza.

"Siulize kama amezala. Nauliza kama iko."

"Haiko. Amezala."

Chef akatutazama mmoja mmoja. Nafikiri alikuwa akituomba tumpe ile sauti, sauti yoyote, ili aendelee kutojua. Hatukumpa. Akatoka, akanyoosha kidole langoni. Wanawake walitazama chini, isipokuwa mmoja, mwembamba, mwenye mtoto mgongoni, aliyeinuka na kuingia. Akafika penye benchi. Akakitazama kitunga kilichofunikwa. Machozi yakamshuka.

"Munisamehe," akasema. "Ku nyumba hakuna kitu."

Maman Cibalonza akasogea kwa nguvu, na mwili wake mnene ukasukuma benchi zima. "Kuya hapa. Kaa kwangu. Ile haiko yako."

Akakaa pembeni yake, wakachambulia kitunga kimoja. Pengo la Faida likabaki pengo.

Nilikwenda Muhumba, nikamwomba Président amwambie Inspecteur arudi, kwamba sasa kuna kitu cha kuona. Akakubali, akataja siku. Lakini kabla ya siku hiyo neno lilipelekwa kwa Faida nyumbani, kwamba nafasi itatolewa moja kwa moja kama haonekani. Nani alilipeleka sijui mpaka leo.

Asubuhi ya Inspecteur, wa kwanza kuingia alikuwa Faida. Alikuwa ameteremka kutoka juu kabisa kwa miguu, mtoto amefungwa kifuani, uso wa rangi ya majivu. Akakishika kitunga chake, akakifunua, akakaa. Akaanza kuchambua.

Nilimwinamia. "Faida, rudi nyumbani."

"Weye unasema juu ya sheria," akaniambia bila kunitazama. "Miye nasema juu ya leo."

Nilirudi kukaa mahali pangu.

Inspecteur akaingia pamoja na Gérant na Chef. Akatembea kando ya meza kama mara ya kwanza. Benchi lilikuwa limejaa. Niliona tumerudi palepale. Akasimama nyuma ya Faida.

"Mama, mutoto alizaliwa lini?"

Faida aliogopa. "Iko siku mingi, papa."

Mtoto akalia, kile kilio chembamba cha mtoto ambaye bado hajajua hewa. Maman Cibalonza akainuka. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimfungua mtoto kutoka kifuani kwa mama yake, akatandika kitenge juu ya meza, juu ya kahawa ya kijani, akamlaza, akafungua nguo. Kitovu kilikuwa bado hakijaanguka. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi, cheusi, chini yake kibichi.

Meza yote ikaacha kuchambua. Ile sauti ya punje zikigongana, ambayo haikukoma kamwe mchana, ikakoma.

Hapo nilijua ni zamu yangu. Nikakumbuka maneno ya Président. Nikamgeukia Gérant, nikitazama vifungo vya shati lake, maana uso wake sikuuweza.

"Monsieur le Gérant," nikasema, "kwenu, kwa mama yenu, mwanamuke anatokaka inje mbele ya kitovu kuanguka?"

Akamtazama Chef. Chef akatazama mzani.

Nikangoja. Kisha nikauliza tena, neno kwa neno.

"Hapana," akasema Gérant. Akalisema kwa Mashi, lugha ya mama zetu, si kwa Kifaransa wala Kiswahili. Nafikiri hakukusudia.

Inspecteur akafungua mkoba wake, akakaa mwisho wa meza yetu, mahali ambapo siku yangu ya kwanza nilikuta kile kitunga chenye kitambaa cha buluu, akaandika. Faida akafungiwa mtoto wake na kusindikizwa nyumbani na yule mwanamke mwembamba wa langoni. Kabla ya kutoka, Faida mwenyewe alikigeuza kitunga chake mdomo chini.

Msifikiri mambo yaliisha pale. Mazungumzo ya convention collective, yaani mapatano ya maandishi kati ya depo na wafanyakazi wote, yalichukua muda mrefu, na mara nyingi nilitoka kwenye ofisi ya Gérant bila kitu ila ladha ya chai. Lakini wachambuaji waliandikwa kuwa wafanyakazi, si watu wa siku moja. Likizo ikaingia, majuma yote ya sheria. Faida alipumzika, akarudi kwenye benchi lake mtoto akiwa anacheka. Tangu hapo mwanamke akijifungua, kitunga chake kilifunikwa mchana kweupe, na katika miaka ya mwisho nilimwona Chef yule yule, kichwa kimekuwa cheupe, akikifunika kwa mkono wake mwenyewe na kukipapasa kidogo kama kichwa cha mtoto.

Baadaye sendika ilinituma sehemu nyingine. Nilipanda pikipiki hadi Kamituga, siku nzima kwenye matope, nikakuta wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu vya chuma, watoto wachanga wamelazwa kwenye vumbi kando yao. Niliwaeleza majuma kumi na manne. Mmoja aliendelea kutwanga, akaniuliza, "Maman, patron yetu mwenye kutulipa ni nani? Nitaomba congé kwa jiwe?" Watu wa Shabunda waliniuliza vilevile. Nilirudi Bukavu nikijua kwamba tuliloshinda deponi ni dogo, na kwamba sheria yenyewe ndiyo inatakiwa kupanuliwa, kama tulivyopanuka kwenye benchi.

Sasa nimestaafu. Macho yamechoka, pua bado inajua puante. Mwaka jana mtoto wa Faida alikuja kwangu. Anaitwa Ombeni. Ndiye yule aliyelazwa juu ya kahawa. Ni mlinzi wa nyumba ya ofisi kule Muhumba, na mke wake alikuwa amepasuliwa ili azae. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, kofia ya kazi mikononi.

"Maman Nsimire, banipa siku mbili. Ndo sheria ya baba, siku mbili. Zimekwisha. Bibi yangu haweze kuinama. Kitovu ya mutoto haiyaanguka, na beko bananitafuta ku kazi."

"Umeomba zingine?"

"Niliomba. Chef alicheka. Alisema, 'Ni weye ulizala?'"

Akavaa kofia, akaenda kazini. Alikuwa na haki gani ya kufanya lingine? Kitovu kilianguka yeye akiwa amesimama kwenye lango la watu. Mke wake alikiona sakafuni, hakuweza kuinama kukichukua, akaita kwa dirisha mpaka jirani akasikia.

Kwa hiyo nimerudi kazini, bila kitunga. Pamoja na vijana wa sendika tunaandaa maombi ya kupeleka kwa wabunge. Tunaomba mshahara wa likizo uwe kamili, kwa sababu mtoto hanyonyi theluthi mbili. Tunaomba baba apewe siku za kutosha kumlinda mama mpaka aweze kuinama. Tunaomba wale wasio na patron, wa vinu na wa sokoni, wawekewe mfuko ambao utawakumbuka. Vijana wanataka mimi niseme mbele ya wabunge. Nimewaambia sitahutubia. Nitauliza swali, na nitangoja jibu. Lisipokuja, nitauliza tena.

Lakini swali la mtu mmoja mzee ni jepesi mbele ya wakubwa. Wanaweza kusema tena, "Utaje jina moja." Safari hii nataka niwe na majina mengi, na yasiwe yamefunikwa na wema wa mtu. Ndiyo maana nakuombeni mniandikie, mama na baba, kwa mwandiko wowote, hata mbaya kuliko huu wangu. Pelekeni barua kwa kwaya yetu, nitasomewa ile nitakayoshindwa. Msiniandikie habari kubwa. Niambieni tu mlikuwa wapi siku kitovu cha mtoto wenu kilipoanguka, na ni nani alikiokota.